Kusafisha na kutunza saa ya thamani nyumbani: maswali ninayoulizwa kila siku mezani kwangu

Meza yangu ya ufundi saa iko Mwanjelwa, jijini Mbeya. Wateja wanatoka Uyole, Tukuyu, Mbozi na Makambako, na wengine wanapanda basi kutoka Iringa na saa imeviringishwa kwenye leso. Saa nyingi za gharama ninazozipokea hazikuharibiwa na uzee. Zimeharibiwa na mwenyewe anayezipenda, siku alipotaka zing'ae kwa ajili ya harusi au Krismasi. Hilo huniuma, maana kazi ya kuisafisha saa vizuri ni ya robo saa tu na vifaa vyote vipo jikoni. Kumbuka jambo moja unaposoma: ngozi ya saa ni kazi yako mwenye nayo, tumbo lake ni kazi ya fundi.

Fundi, saa ya gharama inahitaji kuoshwa kweli? Haitoshi kuifuta kwa shati?

Kuifuta kwa shati lenye vumbi ndiyo njia ya haraka ya kuikwaruza. Huku kwetu vitu viwili vinakutana kwenye kiwiko cha mkono. Cha kwanza ni vumbi la kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua zirudi Novemba. Cha pili ni mafuta ya mgando, ambayo tunajipaka kwa wingi kwa sababu baridi inapasua ngozi. Mafuta yakinasa vumbi katikati ya pingili za cheni, umeshatengeneza msasa. Kila ukitikisa mkono, pingili zinasagana.

Jaribu hivi ukiwa na cheni ya chuma: ishike saa kwa ubavu, cheni ikiwa imelala usawa wa macho. Cheni nzima inanyooka. Iliyolika ndani inaning'inia kama kamba ya katani. Pini zake zimeshakwisha, na hapo sabuni haina msaada tena.

Kwa hiyo ifute kila jioni kwa kitambaa laini, kile cha kufutia miwani, na uioshe mara moja kwa mwezi. Kama kazi yako ni shambani, barabarani au kwenye ujenzi, fanya kila baada ya wiki mbili.

Nioshe vipi hasa? Nieleze hatua kwa hatua.

Tafuta bakuli dogo, maji ya uvuguvugu ambayo mtoto mchanga angeogeshwa nayo, tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki laini wa mtoto ambao haujawahi kutumika, na vitambaa viwili laini. Funga sinki au tandika taulo. Saa yenye sabuni inateleza kuliko samaki.

Kabla maji hayajaigusa, angalia kifundo cha pembeni, kile unachokizungusha kutia majira. Kama ni cha kusukuma, kisukume mpaka kigote. Kama ni cha skrubu, fanya hivi: kibonyeze taratibu, kirudishe nyuma kidogo mpaka uhisi uzi umenasa, kama unavyofunga kifuniko cha chupa ya chai, kisha kaza kwenda mbele. Kikigoma usilazimishe. Uzi wa kifundo ukikatwa, gharama yake si ndogo.

Nasisitiza hapa kwa sababu niliumia. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi niliosha saa ya mwalimu mstaafu bila kukagua kifundo. Kilikuwa kimechomoza unene wa ukucha tu. Maji yaliingia, mishale ikashika kutu, na nililipa mashine nyingine kwa miezi mitatu. Mwalimu yule hakunipigia kelele. Alinyamaza, akaishika ile saa aliyopewa siku ya kustaafu, na mpaka leo kila nikishika saa ya mteja nakumbuka ule ukimya.

Sasa osha. Kama cheni inachomoka kirahisi na unajua kuirudisha, ichomoe, uitumbukize kwenye maji ya sabuni dakika kumi, na kichwa cha saa ukisafishe peke yake kwa kitambaa chenye unyevu. Kama haichomoki, na una uhakika saa inastahimili maji, chovya mswaki na usugue polepole: kwanza upande wa ndani wa cheni unaogusa ngozi, halafu kwenye kifungio, halafu pale cheni inapokutana na kichwa cha saa. Hapo ndipo uchafu unapojificha. Kwa saa ambayo haijaoshwa mwaka mzima, maji yatageuka rangi ya chai ya Mufindi. Yamwage, weka mengine, endelea mpaka yabaki meupe.

Uchafu uliokauka pembezoni mwa kifuniko cha nyuma utoe kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa kidogo. Sindano na pini ya nguo ziache. Suuza kwa maji safi ya uvuguvugu yasiyo na kasi, gandamiza kwa kitambaa kikavu bila kusugua, halafu ilaze kivulini saa nzima kabla ya kuivaa.

Nitajuaje kama saa yangu inastahimili maji?

Soma maandishi ya nyuma au ya chini kwenye uso wa saa. Namba hizi zinawachanganya wengi. Mita 30, au bar 3, haina maana kwamba unaweza kuzama nayo mita 30. Maana yake ni kunawa mikono na manyunyu ya mvua. Mita 50 inavumilia zaidi kidogo, lakini mimi simshauri mtu aogelee nayo. Mita 100 unaogelea. Kupiga mbizi ni kuanzia mita 200, na kifundo kiwe cha skrubu.

Namba hiyo ilipimwa saa ikiwa mpya, kwenye maji yaliyotulia. Kinachozuia maji ni vipira vyembamba kama uzi wa nailoni, kimoja chini ya kifuniko cha nyuma, kingine kwenye kifundo, na mara nyingi kingine pembeni mwa kioo. Vipira huzeeka. Saa ya mita 100 yenye miaka 15 bila kubadilishwa vipira, ichukulie kuwa haizuii maji kabisa, ioshe kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Wazo la kuifunga saa dhidi ya maji lina umri. Rolex walitoa kasha lao la Oyster mwaka 1926, na mwaka 1927 Mwingereza Mercedes Gleitze akaivaa alipokuwa anajaribu kuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Ilitoka ikiwa inakwenda. Ila hiyo ilikuwa mpya.

Kuoga nayo je? Na kwenda nayo Matema?

Kuoga maji ya moto, hapana, hata kama imeandikwa mita 200. Joto linatanua chuma, kioo na mpira kwa viwango tofauti, na sabuni inayapa maji wepesi wa kupenya. Maji moto ya Songwe na ya Kilambo yako kwenye katazo hilohilo: ivue, umpe mwenzio akushikie.

Ziwa Nyasa ni maji baridi yasiyo na chumvi, hivyo saa ya mita 100 yenye vipira vizima haina tatizo. Hatari ya Matema ni mchanga wa ufukweni. Ukitoka majini isuuze kwanza ndipo uifute. Ukienda Dar es Salaam ukaogelea baharini, isuuze kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, usingoje kurudi Mbeya.

Asubuhi za baridi kioo kinafanya ukungu kwa ndani, halafu unaondoka. Si kawaida tu ya Mbeya?

Si kawaida, na hili ndilo swali ambalo natamani kila mtu aliulize mapema.

Usiku wa Juni na Julai hapa unashuka chini ya nyuzi 10, na Kitulo ni baridi zaidi mpaka barafu nyembamba inalala kwenye majani. Kioo cha saa kinapoa kuliko kitu kingine. Kama ndani ya saa kuna hewa yenye unyevu, unyevu ule unageuka matone madogo kwenye kioo. Jua likipanda matone yanakuwa mvuke, unaona kioo safi, unasahau. Lakini maji hayajatoka. Yamerudi kwenye hewa ya humohumo ndani, na kila asubuhi yanatua mahali pengine: kwenye mishale, kwenye springi, kwenye skrubu. Kutu inaanza na kidoa kidogo kuliko chembe ya chumvi.

Ninaziona sana kwa watu wa Kyela. Kule kuna joto na unyevunyevu mwingi. Mtu anapanda Tukuyu mpaka Mbeya kwa saa chache tu, na saa iliyovuta hewa ya Kyela kupitia kipira kilichochoka inaanza kutokwa jasho ikifika Uyole.

Ipime mwenyewe. Ivae mpaka ipate joto la mwili, halafu dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, uliache dakika moja, ulifute. Ukiona kidoa cha ukungu kwa chini, mahali palepale pa tone, ndani kuna unyevu. Ipeleke kwa fundi wiki hiyo. Kuiweka kwenye mchele hakusaidii. Mchele una vumbi lake na haufiki ndani. Kuiweka kando ya jiko la mkaa ni vibaya zaidi, kwa sababu unakausha hata oili ya mashine.

Mama mkwe ananiambia majivu yanang'arisha kuliko sabuni. Dawa ya meno je?

Majivu yanang'arisha sufuria kwa sababu yanaikwangua. Mama mmoja aliniletea saa ya kike iliyochovywa dhahabu, zawadi ya mumewe, aliyoisugua kwa majivu siku ya kuamkia ubarikio wa mtoto. Nusu ya dhahabu ilikuwa imeondoka na shaba ya chini ikawa imetokeza. Hakuna fundi anayerudisha hiyo kwa kusugua zaidi.

Dawa ya meno nayo ni msasa laini. Inafaa mahali pamoja tu: kioo cha plastiki cha saa za zamani, chenye mikwaruzo midogo. Pale unaweza kuisugua kwa kidole na pamba, dakika mbili tatu, ukiwa umeziba pembeni kwa utepe. Kwenye kioo cha yakuti (safaya, kile kigumu cha saa nyingi za gharama), dhahabu au stenlesi iliyong'arishwa, usiitumie. Stili waya, dawa ya kung'arishia shaba, mafuta ya taa na dawa ya kufulia yenye klorini zote ziache. Klorini hutoboa stenlesi vishimo vidogovidogo ambavyo havifutiki.

Na ukipaka dawa ya kufukuza mbu, nawa kwanza ndipo uvae saa. Nyingine zinayeyusha plastiki. Manukato nayo vivyo hivyo: jipulizie, yakauke, ndipo uvae. Wakulima wa viazi wa Uporoto, siku ya kupiga dawa saa ibaki nyumbani.

Mkanda wa ngozi umeanza kunuka na kuota ukungu. Nifanyeje?

Huo ni ugonjwa wa Tukuyu, ambako mvua haina adabu. Futa upande wa ndani kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo sana, kisha kwa kitambaa cha maji matupu, kisha kikavu. Uanike kivulini penye upepo, siku mbili usiuvae. Jua kali na jiko vinaufanya uwe mgumu kama gome. Legeza tundu moja ili hewa ipite, na ukiweza uwe na mikanda miwili ya kubadilishana. Masika vaa cheni au mpira.

Mkanda wa ngozi ni kitu cha kwisha. Usione uchungu kuubadilisha kabla haujakatika, kwa sababu siku ukikatika saa inaangukia kwenye lami.

Mikwaruzo ya kwenye chuma, niing'arishe?

Hapana. Kung'arisha ni kuondoa chuma, na chuma hakiongezeki tena. Saa ikishang'arishwa mara tatu nne, kingo zake kali zinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, na bei yake inashuka. Acha mikwaruzo midogo.

Kama kioo chako ni cha yakuti, hakikwaruzwi na mchanga wa kawaida. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, yakuti 9, mchanga wa kawaida 7. Ila ugumu huo una bei yake: ukikigonga kwenye ukuta wa tofali, kinapasuka.

Saa yangu inabadilisha tarehe mchana badala ya usiku. Imeharibika?

Haijaharibika. Mashine ya saa ina mizunguko miwili kwa siku, na uliitia majira ukiwa umeikosea nusu. Vuta kifundo mpaka hatua ya kutia majira, zungusha mishale kwenda mbele mpaka uone tarehe inaruka. Hapo ni saa sita usiku. Endelea kwenda mbele mpaka saa uliyonayo, na kama saa sita mchana imeshapita, uvuke mishale ikutane juu mara ya pili.

Sasa naomba usome hapa polepole, kwa sababu kuna mtego unaotupata sisi Waswahili peke yetu. Vitabu vya saa nyingi vinaonya: usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka mishale ikiwa kati ya 9 ya usiku na 3 ya alfajiri. Hiyo ni hesabu ya Kizungu. Kwetu ni kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa usiku. Mtu anasoma 9 na 3, anaelewa saa tisa mpaka saa tatu, anaona yuko salama, anabadilisha saa nne usiku meno ya magurudumu yakiwa yameshashikana. Jino moja linavunjika. Nimeshafungua saa mbili zilizovunjika hivyo, na wenyewe walikuwa wamesoma kitabu kwa makini.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kugusa tarehe, peleka mshale mfupi chini kabisa, kwenye namba 6, yaani saa kumi na mbili yetu. Hapo meno yameachana. Badilisha tarehe, kisha rudi utie majira.

Ghafla inakwenda mbele dakika kadhaa kwa siku.

Mara nyingi imeshika sumaku. Springi ya ndani ni nyembamba kama unywele, na ikishika sumaku pete zake zinagandana, saa inakimbia. Chanzo ni spika ya redio kichwani mwa kitanda, kasha la simu lenye sumaku, au kishikizo cha pochi. Sogeza saa karibu na dira ya kawaida. Sindano ikicheza sana, ndiyo hiyo. Fundi mwenye kifaa anaitoa kwa muda mfupi. Tafadhali usikubali afungue mashine kabla ya kujaribu hilo.

Sekunde chache kwa siku si ugonjwa. Siku ina sekunde 86,400, na saa ya mashine, yaani isiyotumia betri, iliyopata cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa wastani wa sekunde 4 au kuwahi 6 kwa siku.

Otomatiki yangu, ile inayojitia ufunguo kwa mtikiso wa mkono, inasimama nikiivua Ijumaa.

Ndivyo ilivyo. Nyingi zina akiba ya nguvu ya saa 40 hadi 70. Kama kifundo chake kinatia ufunguo, itie kwa mkono, mizunguko 30 hivi, ndipo uivae. Kuitikisatikisa kama chupa ya dawa hakuhitajiki.

Ya betri je?

Betri nyingi zinafika miaka miwili mpaka mitatu. Ikifa, itoe mapema hata kama huna haja ya saa, kwa sababu betri iliyokufa huvuja na kula mashine. Na kila kifuniko kikifunguliwa, mwambie fundi akague kipira na akipake grisi yake maalumu.

Naweza kuifungua mwenyewe niipulize vumbi?

Hapana. Pumzi yako ina unyevu na mate. Na mafuta ya cherehani hayafai. Mashine ya saa inapewa matone madogo ya oili yake maalumu, mahali maalumu.

Nimpelekee fundi baada ya muda gani, na nimchague vipi?

Kwa saa ya mashine, kati ya miaka 5 na 10 kutegemea mtengenezaji na kazi yako. Kwa vumbi letu mimi nashauri 5. Vipira vikaguliwe kila mwaka kama unagusa maji.

Muulize fundi: una kifaa cha kupima kama maji yanaingia? Vipira utabadilisha au utarudisha vilevile? Vipuri vya zamani utanirudishia? Nitaangalia ukifungua? Fundi mwema hachukizwi na maswali hayo. Piga picha ya uso, ya nyuma na ya namba ya saa kabla ya kuiacha, na ya mashine ikifunguliwa.

Nimerithi saa ya marehemu baba. Haijavaliwa miaka mingi. Niisafishe?

Futa nje tu kwa kitambaa kikavu, na usiitie ufunguo kwanza. Oili ya ndani imekauka ikawa kama gundi, na ukiilazimisha kwenda meno yanasagana makavu. Kama ni ya kabla ya miaka ya 1970 na namba zake zilikuwa zinawaka gizani, usiifungue kabisa wala kukwangua uso wake: rangi za kuwaka za wakati ule nyingi zilikuwa na radiamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake ni hatari kulivuta. Mwambie fundi hivyo mapema.

Ukishaifanyia huduma, ivae. Wiki iliyopita kijana kutoka Mbozi alichukua ya babu yake, muuza kahawa. Nilimwonyesha alama ya jasho nyuma ya kifuniko, pale ngozi ya mzee ilipogusana na chuma, akaniomba nisiisugue. Niliosha pembeni yake tu, nikaiacha.